Henrietta Szold: Mama wa Watoto Asiowazaa

Nchini Israeli ipo siku moja katika mwaka ambayo kwa muda mrefu iliitwa Siku ya Mama, na ambayo leo huitwa Siku ya Familia. Huangukia tarehe 30 ya mwezi wa Shebati katika kalenda ya Kiyahudi. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati, kwa kuwa ndiyo tarehe aliyofariki Henrietta Szold mwaka 1945. Linalostaajabisha ni kwamba mwanamke huyo, ambaye taifa zima lilimchagua kuwa kielelezo cha umama, hakuolewa wala hakuzaa mtoto hata mmoja.

Henrietta Szold hakuwa Mkatoliki. Alikuwa binti wa rabi, naye aliishika dini ya baba zake hadi pumzi yake ya mwisho. Hata hivyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 liitwalo Nostra Aetate, ulitukumbusha waamini kifungo kinachotuunganisha na uzao wa Abrahamu, ukakemea chuki yoyote dhidi ya Wayahudi, na ukatuhimiza kutambua mema yaliyomo katika dini nyingine. Kwa roho hiyo tunayatazama maisha ya mama huyu. Tunayemwona ni mtu aliyelielewa vema jambo ambalo sisi wenyewe hulisahau mara nyingi: kwamba huruma haitoshi kuwa machozi. Huruma inahitaji ratiba, mizani, chupa safi ya maziwa, na mtu atakayerudi tena wiki ijayo.

Binti wa rabi wa Baltimore

Henrietta alizaliwa tarehe 21 Desemba 1860 katika mji wa Baltimore, nchini Marekani, akiwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya mabinti watupu. Baba yake, Rabi Benjamin Szold, na mama yake, Sophie, walikuwa wamewasili Marekani muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa kwake, wakitokea Ulaya. Rabi huyo hakujaliwa mtoto wa kiume, naye akamfundisha binti yake mkubwa kana kwamba ndiye angekuja kukirithi kiti chake. Alimpa lugha ya Kiebrania, Maandiko na mapokeo ya wazee, pamoja na lugha na fasihi ya Kijerumani. Alipomaliza shule ya sekondari mwaka 1877 alikuwa wa kwanza darasani, kisha akawa mwalimu kwa takriban miaka 15.

Katika miaka hiyo meli zilikuwa zikishusha katika bandari ya Baltimore Wayahudi waliokimbia mateso katika himaya ya Urusi. Walishuka wakiwa maskini, hawajui Kiingereza, na wengi waliishia kufanya kazi ngumu kwa ujira mdogo. Mwaka 1889 Henrietta alishirikiana na wenzake kufungua shule ya jioni kwa ajili yao. Wahamiaji walifundishwa lugha na historia ya nchi yao mpya baada ya saa za kazi. Yeye alifundisha, alisimamia, na ilipobidi alitafuta fedha za kulipia chumba na taa. Watu kwa maelfu walipita katika shule hiyo, na wasio Wayahudi pia walipokelewa. Mwaka 1898 mamlaka za mji ziliichukua shule na kuiendesha zenyewe. Hapo tunaona mwenendo utakaojirudia katika maisha yake yote: kuanzisha jambo jema, kulisimamisha imara, kisha kuliachia mikononi mwa wengine bila kudai liitwe kwa jina lake.

Tangu mwaka 1893 hadi 1916 alikuwa katibu wa shirika la uchapaji wa vitabu vya Kiyahudi nchini Marekani. Alitafsiri na kuhariri vitabu vingi vya wasomi, mara nyingi akifanya kazi kubwa kuliko cheo alichopewa. Baba yake alifariki mwaka 1902. Mwaka uliofuata Henrietta na mama yake walihamia New York, naye akaomba kusoma katika seminari ya Kiyahudi ya mji huo. Alikubaliwa kwa sharti kwamba asidai kamwe kufanywa rabi. Alikubali sharti hilo akaingia darasani pamoja na vijana wa kiume.

Jeraha na safari

Katika seminari hiyo alifahamiana na msomi mmoja mashuhuri, Louis Ginzberg, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 13. Henrietta alimtafsiria maandishi yake kutoka Kijerumani, walitembea pamoja, walizungumza kwa saa nyingi, na moyo wa Henrietta ukampenda. Mwaka 1908 msomi huyo alirudi kutoka safari ya Ulaya akiwa amekwisha kumchumbia msichana mwingine. Henrietta, akiwa na umri unaokaribia miaka 48, alivunjika moyo kabisa. Alikuwa ametamani nyumba na watoto, na sasa aliona mlango huo umefungwa.

Wengi wetu tumewahi kuketi na mtu aliyefikia mahali hapo, ambapo tumaini alilolijengea maisha yake limeondoka na haoni lingine. Ndugu zake na waajiri wake hawakumwacha peke yake. Shirika la uchapaji lilimpa likizo ya miezi sita, naye mwaka 1909 akasafiri pamoja na mama yake kupitia Ulaya hadi Palestina, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Dola ya Waturuki.

Huko Palestina aliona mambo mawili kwa pamoja: uzuri wa nchi aliyoisoma tangu utotoni katika Maandiko, na hali ya kutisha ya afya ya watu wake. Malaria ilikuwa imeenea. Ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao husambaa kwa mikono michafu, nguo na nzi, uliwapofusha watoto wengi. Katika mji wa Yafa walitembelea shule ambamo watoto walikuwa na macho yenye usaha, nzi wakiwa wametanda usoni. Walitembelea pia shule ya wasichana iliyokuwa ikipata huduma ya daktari na muuguzi, na humo watoto walikuwa wazima. Mama yake, mzee Sophie, aliyatazama yote mawili, akamwambia binti yake kwamba kikundi chake cha wanawake kule New York kiache kusoma tu na kishike kazi hii.

Hadasa

Tarehe 24 Februari 1912, sikukuu ya Purimu ikikaribia, wanawake wachache walikutana katika sinagogi moja la New York na kuanzisha chama. Purimu ni sikukuu ya kumkumbuka Malkia Esta, aliyewaokoa watu wake wasiangamizwe. Jina lake la Kiebrania, kama tunavyosoma katika sura ya pili ya kitabu chake, lilikuwa Hadasa, maana yake mhadasi, mti ambao Nabii Isaya anautaja miongoni mwa miti ambayo Mungu ataiotesha jangwani. Chama kikachukua jina hilo: Hadassah. Kikachagua kaulimbiu itokanayo na kilio cha Nabii Yeremia katika sura ya nane, pale anapouliza kwa nini hakuna tabibu Gileadi na kwa nini binti wa watu wake haponi. Kwa hiyo wanawake hawa walilichukua swali la nabii kama agizo. Ikiwa tabibu hayupo, basi apelekwe.

Mwanzo wao ulikuwa mdogo. Mapema mwaka 1913, kwa msaada wa tajiri mmoja wa New York, Nathan Straus, na mkewe Lina, wauguzi wawili, Rose Kaplan na Rachel Landy, waliwasili Yerusalemu. Walipanga nyumba, wakaanza kutibu macho ya watoto wa shule na kuwahudumia wajawazito majumbani. Straus alikuwa tayari amejulikana Marekani kwa jambo moja: aliwagawia watoto wa maskini maziwa yaliyopashwa moto kwa kipimo ili kuua vijidudu. Tutayakuta tena maziwa hayo mbele kidogo.

Mwaka 1914 vita kuu vilianza, na Dola ya Waturuki ikaingia vitani. Njia za bahari zilifungwa, na misaada ikakauka. Mwaka 1915 nzige walivamia Palestina na kula kila kitu kilichoota. Njaa ilifuata, na njaa ilileta homa zinazoenezwa na chawa na maji machafu. Wauguzi wale wawili walilazimika kuacha kazi yao Yerusalemu. Familia nyingi zilifukuzwa makwao, wanaume walichukuliwa na majeshi, na wanawake walibaki na watoto wasio na chakula. Majeshi ya Uingereza yalipoingia Yerusalemu mwezi Desemba 1917 yalikuta mji wenye yatima wengi mno.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1916, Henrietta alimpoteza mama yake. Katika desturi ya Kiyahudi, mtoto wa kiume wa marehemu ndiye husali Kadishi, sala ya kumsifu Mungu inayosaliwa kwa miezi kadhaa baada ya mazishi. Rafiki mmoja wa familia, akijua kwamba Sophie hakuacha mtoto wa kiume, alijitolea kuisali kwa niaba yao. Henrietta alimshukuru kwa upole mwingi lakini akakataa. Alimweleza kwamba wajibu wa kuendeleza imani ya wazazi ulikuwa wake yeye na dada zake, na kwamba hata baba yake hakuwahi kuwaona mabinti zake kuwa pungufu. Basi aliisali mwenyewe. Jambo hilo la Kadishi tulishike moyoni, kwa kuwa litarudi siku ya maziko yake.

Maziwa juu ya mgongo wa punda

Wakati vita vikiendelea, viongozi wa Wayahudi waliiomba Hadassah ipeleke Palestina kikosi cha tiba. Henrietta, akiwa karibu kufikisha miaka 58, ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa maandalizi: kuchangisha fedha, kutafuta madaktari na wauguzi, kununua dawa, vitanda, mashuka na magari. Mwezi Juni 1918 kikosi cha watu zaidi ya 40 kiliondoka New York, na mwezi Agosti kikawasili. Kilikuwa na madaktari, wauguzi, madaktari wa meno na wataalamu wa usafi wa mazingira. Kilifungua hospitali na zahanati Yerusalemu, na baadaye Yafa, Haifa, Tiberia na Safedi. Mwaka huohuo wa 1918 kilianzisha Yerusalemu chuo cha uuguzi kwa wasichana wa nchi ile, ili kazi isiwategemee wageni milele.

Henrietta mwenyewe alihamia Palestina mwaka 1920, akiwa na miaka 59, umri ambao wengi huanza kufikiria mapumziko. Alitarajia kukaa kwa muda tu. Alichokikuta ni madeni, madaktari wasioelewana kuhusu taratibu, na umati wa wagonjwa. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini kwa mama aliyejifungua katika chumba chenye unyevu ndani ya Mji wa Kale wa Yerusalemu, mwisho wa vita haukuwa na maana yoyote ikiwa mtoto wake angekufa kwa kuhara kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Ndivyo walivyokuwa wakifa watoto wengi.

Mwaka 1921 kituo cha kwanza cha kuwatunza wajawazito na watoto wachanga kilifunguliwa, kikisimamiwa na muuguzi Bertha Landsman. Vituo hivyo vilikuja kuitwa kwa Kiebrania Tipat Halav, yaani tone la maziwa. Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na kila mama wa kwetu aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki atautambua mara moja. Mjamzito aliandikishwa na kufuatiliwa. Baada ya kujifungua, mtoto aliletwa kwa tarehe zilizopangwa, akapimwa uzito, na uzito ukaandikwa. Mama alihimizwa kunyonyesha, akafundishwa kumwogesha mtoto, kumvalisha nguo zisizombana na kumkinga na nzi. Mama asiyekuwa na maziwa ya kutosha alipewa maziwa salama, kwa kipimo cha umri wa mtoto wake.

Ugumu ulikuwa katika kuwafikia. Akina mama wengi hawakukiamini kituo. Walikuwa na desturi za nyanya zao, na waliogopa kumvua mtoto nguo mbele ya mgeni. Basi wauguzi waliwafuata majumbani, wakapanda ngazi za nyumba zilizosongamana, wakaketi sakafuni pamoja nao. Maziwa nayo yalipelekwa kwa punda aliyebeba visanduku vya chupa zilizopoozwa, akipita katika vichochoro ambamo gari lisingeweza kuingia. Miaka ikapita, na akina mama wenyewe wakaanza kuja. Kutoka kituo kimoja vikawa vingi, mijini na vijijini.

Tangu mwanzo zahanati na vituo hivyo havikumuuliza mgonjwa dini yake. Mama Mwarabu, Mwislamu au Mkristo, alipokelewa kama mama Myahudi. Halikuwa jambo jepesi katika nchi ambayo uhasama kati ya Wayahudi na Waarabu ulikuwa ukikua mwaka hata mwaka, na ambayo ilishuhudia damu ikimwagika mwaka 1920, 1921 na tena 1929. Henrietta aliushika msimamo huo bila kuyumba. Kwake, mtoto mwenye trakoma alikuwa mtoto mwenye trakoma.

Kuanzia mwaka 1923 Hadassah iliongeza chakula cha mchana mashuleni, kwa sababu wauguzi waligundua kwamba mtoto waliyemwokoa akiwa mchanga angeweza kudhoofika tena akiwa darasani na tumbo tupu. Kisha hospitali moja baada ya nyingine ilianza kukabidhiwa kwa mamlaka za wenyeji. Ile ya Tel Aviv ilikabidhiwa kwa halmashauri ya mji mwaka 1931.

Bandarini Haifa

Mwaka huohuo wa 1931 Henrietta, akiwa na miaka 70, alipewa jukumu la ustawi wa jamii katika baraza la taifa la Wayahudi wa Palestina. Alipanga huduma kwa familia maskini na kwa watoto waliovunja sheria, akisisitiza kwamba msaada utolewe na watu waliofundishwa kazi hiyo. Alikwisha kupanga kurudi Baltimore kwa dada zake ili azeeke kwa amani.

Mwezi Januari 1933 Hitler alishika madaraka nchini Ujerumani. Mjini Berlin, mwanamke aitwaye Recha Freier alikuwa na wazo: vijana wa Kiyahudi waondolewe Ujerumani bila wazazi wao na kupelekwa Palestina, wakaishi na kusoma katika vijiji vya ushirika. Wazo hilo lilipomfikia Henrietta kwa mara ya kwanza, alilikataa. Palestina ilikuwa na watoto wengi wenye shida ambao bado hawakuwa na mahali pa kulala, naye aliona si haki kuwaleta wengine wasio na matunzo ya uhakika. Hali ya Ujerumani ilivyozidi kuwa mbaya, alibadili shauri lake na kukubali kuusimamia mpango huo. Baltimore ilisahauliwa.

Mwezi Februari 1934 kundi la kwanza lilishuka katika bandari ya Haifa, naye alikuwepo gatini kuwapokea. Aliwasindikiza hadi kijiji cha Ein Harod, akakagua vitanda na vyoo vyao, akazungumza nao mmoja mmoja. Kuanzia hapo alijitahidi kulipokea kila kundi. Alikuwa akiamka kabla ya mapambazuko ili kuandika barua: kwa wazazi waliobaki Ujerumani, kwa walimu, kwa ofisi za serikali ya Uingereza zilizotoa vibali vya kuingia kwa uchoyo. Wazazi walimwandikia kuuliza kama mwana wao anakula vizuri, kama koti lake linatosha. Alijibu. Baadaye barua kutoka kwa wazazi zikaanza kukoma, nyumba baada ya nyumba, na kila mtu alijua maana yake.

Mwezi Februari 1943 liliwasili kundi lililojulikana kama Watoto wa Tehran. Walikuwa watoto wa Kiyahudi kutoka Poland, zaidi ya 700, wengi wao yatima. Vita vilikuwa vimewatupa ndani kabisa ya Urusi. Kutoka huko walitoka pamoja na wakimbizi wengine wa Poland hadi Uajemi, na hatimaye, kwa meli na kwa treni, wakafika Atlit karibu na Haifa. Hapa historia inagusa ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Katika wimbi hilohilo la watu waliotoka Urusi kupitia Uajemi walikuwamo akina mama na watoto Wakatoliki wa Poland waliopelekwa Tengeru karibu na Arusha, ambako takriban 5,000 walipewa makazi, na wengine Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Watoto waliosimama kwenye foleni moja ya mkate mjini Tehran waliishia wengine chini ya Mlima Meru, na wengine mbele ya mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe aliyewasubiri Atlit.

Henrietta alikuwa na miaka 82. Kazi iliyomngoja haikuwa ya vitanda na supu peke yake. Watu wa dini na watu wasioshika dini waligombania watoto hawa, kila upande ukitaka wakalelewe kwake. Magazeti yalipiga kelele, na pande zote mbili zilimlaumu. Yeye alishikilia kwamba lazima ijulikane kwanza mtoto huyu alilelewaje nyumbani kwao, na baba na mama yake waliishi imani yao namna gani. Watoto wakaulizwa mmoja mmoja. Uamuzi wa mwisho haukumridhisha kila mtu, lakini msingi wake unastahili heshima yetu: kwamba mtoto yatima si mali ya anayemlisha, na kwamba wazazi waliokufa bado wana neno juu ya mtoto wao.

Katika miaka hiyo ya mwisho alifanya jambo jingine lililompunguzia sifa mbele ya wengi wa watu wake. Mwaka 1942 alijiunga na Judah Magnes, Martin Buber na wengine wachache katika kikundi kilichotafuta nchi moja ambamo Wayahudi na Waarabu wangeishi kwa haki sawa. Sauti yao ilikuwa ya wachache sana, na historia haikuifuata njia waliyoipendekeza. Bado nchi ile inaomboleza, na mama wa pande zote mbili wanazika watoto. Hatuwezi kuyasoma maisha ya Henrietta Szold leo bila kuwaombea.

Kadishi

Henrietta Szold alifariki tarehe 13 Februari 1945, akiwa na umri wa miaka 84, katika hospitali ya Hadassah kwenye Mlima Scopus, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1939 kama tunda la kazi aliyoianza na wauguzi wawili. Vita vya Ulaya vilikuwa bado havijaisha. Alizikwa kwenye Mlima wa Mizeituni, ng'ambo ya bonde la Kedroni.

Nani angesali Kadishi kwa ajili ya mwanamke asiyeacha mtoto? Alisimama kijana mmoja mwenye miaka 15, mmoja wa watoto wale waliopitia Tehran, akaisali kama mtoto anavyosali kwa ajili ya mama yake.

Ndugu msomaji, katika parokia zetu wapo wanaume na wanawake waliotamani watoto na hawakujaliwa. Wengine husemwa vibaya na jamaa, na wengine huketi viti vya nyuma siku ya ubatizo. Wapo pia wajane, watawa na makatekista ambao watu hudhani hawana wa kuwarithi. Injili inatuambia kwamba Bwana wetu, alipoambiwa kuwa mama yake na ndugu zake wako nje, aliwatazama walioketi kumzunguka na kuwatambua kuwa jamaa yake wote wayafanyao mapenzi ya Mungu. Mbele za Mungu, uzazi ni mpana kuliko damu.

Na sisi tulio na vikundi vya huruma, Jumuiya Ndogondogo, WAWATA na Caritas ya parokia, tuna la kujifunza pia. Mara nyingi tunatoa mara moja, tunapiga picha, tunaondoka. Mama aliyejifungua juzi hahitaji ziara moja ya shangwe. Anahitaji mtu atakayeandika jina la mtoto wake katika daftari, atakayerudi baada ya siku saba kuuliza kama ananyonya, na atakayegundua kwamba uzito haujaongezeka. Tusiulize kwanza kama mama huyo ni wa jumuiya yetu, wa kanisa letu, au wa kabila letu. Tuanze na nyumba iliyo karibu, juma hili, na juma lijalo turudi tena.